SHUJAA NA UMMA: SINEMA ZA MASHUJAA WA KATUNI KATIKA MIZANI YA KITABAKA

Utangulizi

Katika jamii yoyote iliyogawanyika kitabaka hakuna sanaa isiyoegemea upande. Mwandishi, mchoraji au mtengenezaji wa sinema anaweza kudai kwamba yeye anaburudisha tu na hana siasa. Lakini burudani yenyewe humfundisha mtazamaji nani wa kumheshimu, nani wa kumwogopa, na mambo gani ayaone kuwa ya kawaida yasiyoweza kubadilishwa. Kwa hiyo kada anayesema kwamba "hizo ni sinema za watoto" ameliacha lango wazi na kwenda kulinda ukuta.

Sinema tunazozizungumzia hapa ni zile zilizotokana na vitabu vya katuni vya Marekani, vyenye mashujaa wa nguvu za ajabu: Superman, Batman, Spider-Man na wenzao. Sinema hizi zimefika kila mahali. Huonyeshwa katika kumbi za mijini, katika vibanda vya video ambako mtafsiri huzungumza Kiswahili juu ya picha, na siku hizi katika simu za mkononi. Si ajabu kumkuta kijana wa shule anayeweza kutaja silaha zote za Batman lakini asiyeweza kueleza Kinjikitile Ngwale alikuwa nani. Hali hiyo si kosa la kijana. Ni swali linalotuhusu sisi.

Makala haya hayakusudii kuzilaani sinema hizi zote kwa pamoja, wala kudai zipigwe marufuku. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Zipo tunazozipenda na zipo tunazozichukia, na wajibu wa mhakiki ni kueleza sababu, si kutoa hukumu tu. Mizani yetu ina maswali matatu. Kwanza, nguvu ya shujaa imetoka wapi, na ni mali ya nani? Pili, nguvu hiyo inalinda nini? Tatu, umma uko wapi wakati shujaa anapopigana?

Chimbuko la shujaa wa katuni

Shujaa wa kwanza wa aina hii, Superman, alitungwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani: Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Wote wawili walikuwa wana wa wahamiaji wa Kiyahudi, na walikulia katika miaka ya mporomoko mkubwa wa uchumi wa kibepari ulioanza 1929, wakati mamilioni ya wafanyakazi wa Marekani walipokuwa hawana kazi. Haishangazi basi kwamba katika matoleo ya mwanzo, ya 1938 na 1939, adui wa Superman hakuwa jitu kutoka sayari nyingine. Adui alikuwa mwenye mgodi asiyejali usalama wa wachimbaji. Superman alimnasa chini ya mgodi wake mwenyewe, pamoja na wageni wake wa karamu, ili aonje hatari anayoishi nayo mfanyakazi kila siku. Adui alikuwa mtengenezaji wa silaha anayefaidika na vita vya watu wengine. Hata nyumba mbovu za makabwela zilikuwa adui, na Superman alizibomoa ili serikali ilazimike kujenga zilizo bora.

Kwa maneno mengine, katika utoto wake shujaa huyu alikuwa ndoto ya mvujajasho. Ilikuwa ndoto changa, kwa sababu ilimpa mtu mmoja kazi ambayo ni ya tabaka zima. Hata hivyo ilimtambua adui wa kweli.

Je, nini kilitokea baadaye? Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Kampuni ikachuma mamilioni, na watungaji wakabaki na umaskini wao. Ilipofika 1975, sinema kubwa ya Superman ilipokuwa njiani, malalamiko yao yalitangazwa hadharani, na ndipo kampuni ya Warner ilipokubali kumpa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao katika kazi yao wenyewe. Katika sinema hiyo hiyo Marlon Brando, aliyeonekana kwa muda mfupi tu, alilipwa dola milioni 3.7. Huu ndio uhusiano wa uzalishaji mali katika sanaa ya kibepari: aliyeumba hana haki, mwenye mtaji ana yote.

Kadiri shujaa alivyozidi kuwa bidhaa ya kampuni kubwa, ndivyo maadui zake walivyozidi kuwa mbali na maisha ya mfanyakazi. Mwenye mgodi alitoweka. Walikuja wendawazimu, majasusi wa kigeni na viumbe wa angani. Leo biashara hii iko mikononi mwa makampuni machache. Mwaka 2009 kampuni ya Disney iliinunua Marvel kwa dola zipatazo bilioni 4, na sinema moja tu, Avengers: Endgame ya 2019, iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani kote. Mwenye mtaji wa kiasi hicho hawezi kutarajiwa kumchora mwenye mtaji kuwa adui. Lakini ukinzani upo hata ndani ya kiwanda cha bepari, kwa kuwa sinema inatengenezwa na mamia ya wafanyakazi na lazima iwavutie mamilioni ya wafanyakazi wengine, na haiwezi kuwavutia bila kugusa angalau kipande cha maisha yao. Ndiyo sababu tunapata nzuri na mbaya.

Mlanguzi wa ardhi: Superman (1978)

Tuanze na sinema iliyofungua njia. Superman, iliyoongozwa na Richard Donner na kuchezwa na Christopher Reeve, ina jambo moja ambalo watazamaji wengi hulipita bila kuliona. Adui Lex Luthor hatafuti kuitawala dunia. Amenunua ardhi ya jangwa kwa bei ndogo, mashariki ya ufa mkubwa wa ardhi wa California. Mpango wake ni kuupiga ufa huo kwa kombora la nyuklia ili pwani yote itumbukie baharini pamoja na watu wake, na jangwa lake ligeuke kuwa pwani mpya yenye thamani kubwa.

Hapa mtunzi, kwa kujua au kwa kutojua, ameeleza ulanguzi wa ardhi vizuri kuliko vitabu vingi. Thamani inapanda bila mwenye ardhi kulima wala kujenga, na inapanda juu ya maafa ya wengine. Mtazamaji wa nchi hii, ambako ardhi ni mali ya umma, angeweza kuulizwa: ni sheria gani iliyompa Luthor haki ya kukusanya nchi nzima mfukoni mwake? Lakini sinema haiulizi. Superman anamkamata Luthor na kumpeleka jela, na sheria ya ardhi inabaki kama ilivyokuwa. Mwizi mmoja amefungwa na wizi umebaki halali. Na ili mtazamaji asitilie shaka, shujaa anatamka wazi kwamba anapigania ukweli, haki na mfumo wa maisha wa Marekani, kana kwamba vitatu hivyo ni kitu kimoja.

Kwa hiyo tunaiweka Superman katikati ya mizani. Inafaa kufundishia, mradi mwalimu awepo.

Mfanya biashara ya mauti: Iron Man (2008)

Sasa tuzijie zile tusizozipenda. Iron Man, iliyoongozwa na Jon Favreau, ni hatari zaidi kwa sababu imetengenezwa kwa ustadi na inachekesha. Shujaa wake, Tony Stark, ni tajiri mwenye viwanda vya silaha. Katika kitabu cha katuni cha 1963 Stark alijeruhiwa Vietnam. Katika sinema ya 2008 anajeruhiwa Afghanistan. Badiliko hilo peke yake ni somo la siasa. Ubeberu unapobadili uwanja wa vita, shujaa wake hubadilishiwa ramani, lakini hadithi ni ile ile: mwenye silaha ndiye mwathirika, na mwenye nchi ndiye tishio.

Stark anatekwa na kuona kwamba silaha alizoziunda ziko mikononi mwa watekaji. Anarudi kwao na kutangaza kwamba kampuni yake haitatengeneza silaha tena. Hapo mtazamaji anaweza kudhani kwamba sasa sinema itasema kweli. Haisemi. Upesi tunaambiwa kwamba kosa lote ni la mshirika wake mmoja, Obadiah Stane, aliyekuwa akiuza silaha kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele, yaani mauzo halali kwa jeshi la Marekani, haushitakiwi. Na itakuwaje ushitakiwe, ikiwa jeshi lenyewe lilisaidia utengenezaji wa sinema hii na kuruhusu picha zipigwe katika kituo chake cha anga cha Edwards? Hakuna jeshi litakaloazima uwanja wake kwa mtu anayekuja kulikosoa.

Yupo mtu mmoja katika sinema hii anayestahili heshima, naye ni Yinsen, msomi na tabibu wa kijiji cha Gulmira. Yeye ndiye aliyeuokoa moyo wa Stark kwa sumaku na betri ya gari, na ndiye aliyekufa ili Stark atoroke. Tafakari, ndugu msomaji: mtaalamu wa nchi iliyovamiwa anakufa mapema ili tajiri wa nchi iliyovamia apate dhamiri. Baadaye Stark anaruka hadi Gulmira katika vazi lake la chuma, anawaua wapiganaji, na wanakijiji wanasimama pembeni wakitazama. Hawasemi wala hawajilindi. Hawana mpango wowote wa kesho. Akishaondoka, mwandishi wa sinema amewasahau. Kwa swali letu la tatu, sinema hii inapata sifuri.

Mapinduzi yaliyotukanwa: The Dark Knight Rises (2012)

Hata hivyo sinema mbaya kuliko zote, kwa mizani yetu, ni The Dark Knight Rises ya Christopher Nolan. Tunasema mbaya kwa maana ya itikadi. Kwa ufundi ni kazi ya mtu anayejua kazi yake, na hilo ndilo linaloipa sumu yake nguvu.

Sinema hii ilipigwa picha mwaka 2011, mwaka ambao Septemba yake vijana wa New York waliweka kambi karibu na soko la hisa kupinga utajiri wa wachache. Katika sinema, mhalifu Bane anashambulia soko la hisa la Gotham, anawanasa maelfu ya polisi chini ya ardhi, anafungua jela, na kuutangazia umma kwamba mji sasa ni wao. Matajiri wanafukuzwa katika majumba yao. Mahakama ya kimapinduzi inaundwa, na hakimu wake ni mwendawazimu anayewahukumu washitakiwa kutembea juu ya barafu mpaka wazame.

Lakini Bane anaficha siri: ana bomu la nyuklia litakalowaua wote, na maneno yake juu ya ukombozi ni ulaghai mtupu. Funzo linalopandwa kichwani mwa kijana ni hili: anayekuambia kwamba mji ni wako anataka kukuua, na mwenye mali anayekaa kimya ndiye atakayekufia. Mwishoni polisi wanatoka mashimoni na kuandamana kama jeshi la ukombozi, na tajiri Bruce Wayne anaibeba bomu kwenda baharini.

Tazama sasa umma uko wapi. Hii ni sinema juu ya mji wa mamilioni ya watu uliopinduliwa kwa miezi mitano, lakini hatumwoni mfanyakazi mmoja akizungumza juu ya mkate, maji, kazi au watoto wake. Hakuna mkutano wa mtaa, hakuna kamati. Wananchi wamejifungia ndani. Upande mmoja kuna wahalifu waliofunguliwa jela, upande wa pili polisi, na juu yao wote bwana mmoja mwenye kinyago. Mtunzi ametengeneza mapinduzi yasiyo na umma, kisha akathibitisha kwamba mapinduzi hayana maana.

Kuna jambo dogo linaloifichua sinema nzima. Katika mji huo kuna nyumba ya watoto yatima iliyokuwa ikitegemea fedha za Wayne. Kampuni yake ilipoacha kupata faida, msaada ulikatika. Wanatuambia jambo hili kwa masikitiko, kama mvua iliyokosa kunyesha. Hakuna anayeuliza kwa nini chakula cha yatima kisimame juu ya faida ya mtu mmoja. Na dawa inayotolewa mwishoni ni jumba la Wayne kugeuzwa makao ya yatima. Ni sadaka tena! Jamii inayolisha watoto wake kwa sadaka ya tajiri haiwezi kujiita jamii huru.

Kijana wa kupeleka piza: Spider-Man 2 (2004)

Tukiulizwa ni sinema gani tunayoipenda kuliko zote, tunajibu bila kusita: Spider-Man 2, iliyoongozwa na Sam Raimi na kuchezwa na Tobey Maguire.

Shujaa wake, Peter Parker, hana kiwanda wala jumba. Ni mwanafunzi anayefanya kibarua cha kupeleka piza, na sinema inapoanza tu anafukuzwa kazi kwa kuchelewa. Anaishi katika chumba kimoja, na mwenye nyumba anamvizia mlangoni akidai kodi. Anauza picha kwa mwenye gazeti anayemlipa kidogo na wakati huo huo kumpaka matope shujaa ambaye picha zake zinauza gazeti. Shangazi yake, mama mzee mjane, anakwenda benki kuomba mkopo ili asipoteze nyumba yake, na benki inamkatalia kwa tabasamu. Hakuna hata kimoja katika hayo kilichotoka angani. Mpangaji yeyote wa Manzese au Kariakoo atayatambua bila mtafsiri.

Hapa nguvu za ajabu hazimwondoi shujaa katika tabaka lake. Hazimlipii kodi. Kinyume chake, zinamwongezea mzigo: anaitumikia jamii usiku na kufukuzwa kazi mchana. Peter anapochoka na kuacha, sinema haimcheki. Inauliza swali la haki ambalo kila kada anayejitolea amewahi kujiuliza: nitawatumikia wengine mpaka lini, ikiwa mimi mwenyewe naanguka?

Jibu linatolewa katika tukio la treni, na hilo ndilo tukio bora katika sinema zote za aina hii. Treni imejaa watu na haina breki. Peter anaisimamisha kwa mwili wake mpaka anazimia, na kinyago chake kimetoka. Abiria wanampokea na kumpitisha juu ya vichwa vyao, mkono hadi mkono, kisha wanamlaza chini. Wanamwona uso: ni kijana tu. Watoto wawili wanamrudishia kinyago chake na kuahidi kwamba siri haitatoka. Adui anapokuja kumchukua, abiria wale wasio na nguvu yoyote wanasimama mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwamba lazima apite kwake kwanza. Adui anawasukuma pembeni kwa urahisi, ni kweli. Lakini kwa dakika chache shujaa amekuwa mtoto wa umma, na umma umekuwa mlinzi wa shujaa. Swali letu la tatu limejibiwa.

Je, sinema hii ni ya kimapinduzi? Hapana. Haimuulizi mwenye nyumba kwa nini kodi ni kubwa kuliko mshahara. Haimuulizi mwenye benki kitu. Mwanasayansi anaangamia kwa sababu mashine imemtawala akili, na kampuni iliyogharimia jaribio lile la hatari inatoka bila kushitakiwa. Lakini imesema kweli juu ya maisha ya mvujajasho, na kweli hiyo ndiyo mahali pa kuanzia.

Utajiri uliofichwa: Black Panther (2018)

Hakuna sinema ya aina hii iliyowagusa Waafrika kama Black Panther ya Ryan Coogler. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Tusiwabeze vijana walioishangilia. Walimwona Mwafrika akiwa bwana wa sayansi, si mbeba mizigo; walimwona mwanamke akiwa jemadari wa jeshi; walimsikia mfalme wa Kiafrika akizungumza Kixhosa bila kuomba radhi. Baada ya miaka mingi ya sinema ambamo Mwafrika alikuwa kivuli nyuma ya mzungu, heshima hiyo si jambo dogo, na kasumba ya kujidharau ni adui wa kweli.

Lakini heshima ya picha haitoshi. Wakanda ina madini yasiyopatikana kwingine, na kwa karne nyingi imejificha ili isivamiwe. Biashara ya utumwa inapita, ukoloni unapita, ubaguzi wa rangi unapita, na Wakanda imekaa kimya na utajiri wake. Killmonger, kijana aliyekulia Oakland, mji ambako chama cha Black Panther kiliundwa Oktoba 1966, anauliza swali lisilojibika: mlikuwa wapi? Swali ni la haki, na mwandishi wa sinema analijua. Anafanyaje? Anamfanya Killmonger amkabe koo bibi kizee na kumuua mpenzi wake mwenyewe, ili tumchukie mwulizaji na kulisahau swali. Hii ni mbinu ya zamani.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Killmonger si mwanamapinduzi. Amefunzwa kuua na jeshi la ubeberu, na ndoto yake ni dola jipya litakalotawala dunia kama yale ya zamani. Anataka kupeleka silaha, lakini hana chama, hana itikadi, hana umma uliojiandaa kuzipokea. Katika hilo sinema imesema kweli: mbinu za beberu mkononi mwa mnyonge mwenye hasira hazileti ukombozi, zinaleta beberu mpya.

Kosa lisilosameheka liko kwingine. Katika pambano la mwisho, anayezidungua ndege zinazobeba silaha za wanyonge ni jasusi wa CIA, naye ameonyeshwa kuwa rafiki mwema wa Wakanda. Katika bara ambalo Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na ambapo uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani lenyewe ulionyesha mwaka 1975 kwamba shirika hilo lilipanga kumtilia sumu, mzaha huo hauchekeshi. Na T'Challa anapoamua kuifungua nchi yake, anafanya nini? Ananunua majengo Oakland na kufungua kituo cha misaada. Tumerudi kwa yatima wa Wayne.

Linganisheni sasa hadithi na historia. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 haikuwa na madini ya ajabu, haikuwa na ndege zisizoonekana, na wasomi wake walikuwa wachache mno. Lakini FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam kuanzia 1963 mpaka kazi yake ilipokwisha 1994. Wapiganaji walifunzwa Kongwa. ANC ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro 1969. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Hata wanachama wa Black Panther wa kweli walipata hifadhi hapa: Pete O'Neal alifika mwaka 1972 na kufanya makazi karibu na Arusha. Nchi tajiri ya kubuni ilijificha. Nchi maskini ya kweli ilifungua mlango na kulipa gharama yake. Kada asiyeweza kumweleza kijana jambo hilo anapotoka kuitazama Black Panther hajafanya kazi yake.

Nguvu za ajabu katika historia yetu

Wapo watakaosema kwamba shujaa wa nguvu za ajabu ni uzushi wa Marekani. Si kweli. Pwani yetu ina Fumo Liyongo, jabari asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Aliuawa na mwanawe mwenyewe aliyerubuniwa kwa ahadi. Somo lake ni zito kuliko la Superman na jiwe lake la kijani: nguvu ya mtu mmoja, hata iwe kubwa namna gani, ina tundu, na adui hulipita tundu hilo kwa kumtumia mtu wa ndani.

Zaidi ya hapo tuna Kinjikitile. Mwaka 1905, huko Ngarambe, alitoa maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani. Maji hayakugeuza risasi; yeye alinyongwa Agosti 1905, na maelfu kwa maelfu ya watu waliangamia kwa vita na njaa kabla ya 1907. Ebrahim Hussein, katika tamthiliya yake Kinjeketile ya 1969, ameuchambua ukinzani huo. Lakini tofauti moja ni ya msingi. Nguvu za Superman ni za Superman. Nguvu za Stark ziko ndani ya vazi lake, na anakataa kuligawa. Maji yaligawiwa kwa wote. Kila aliyeyapokea alikuwa askari, na makabila yaliyokuwa mbalimbali yalijiona kitu kimoja. Kama silaha maji yalishindwa, lakini kama kiungo cha umoja yalifanya jambo ambalo hakuna shujaa wa sinema hizi aliyewahi kulijaribu: yaliugeuza umma wenyewe kuwa shujaa.

Kazi iliyo mbele yetu

Kutokana na uchambuzi huu tunaona kazi tatu.

Ya kwanza ni ya matawi, vyuo na shule. Sinema hizi zitazamwe kwa pamoja na zijadiliwe kwa maswali matatu tuliyoyataja. Marufuku humfanya kijana atazame kwa siri bila mwalimu. Aidha, watafsiri wa vibandani tayari ni walimu wa siasa, wapende wasipende. Inafaa kada azungumze nao badala ya kuwadharau.

Ya pili ni ya wasanii. Katuni si chombo cha wageni. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, aliwachekesha na kuwaelimisha wasomaji wa nchi hii kwa kalamu tu. Historia ya Kongwa, ya Maji Maji na ya wakulima waliowapokea wapigania uhuru inasubiri wachoraji na wapiga picha watakaoieleza kwa namna itakayomvutia kijana. Na watungaji hao walipwe haki yao, isije ikawa tunamlaani aliyewapa Siegel na Shuster dola 130 huku sisi tukitoa shukrani bila malipo.

Ya tatu ni ngumu zaidi kwa kuwa inatuhusu wenyewe. Mtu aliyezoeshwa kumsubiri shujaa ukumbini atamsubiri pia ofisini. Tawi ambalo wanachama wake hukaa kimya wakingoja kiongozi mwenye nguvu za ajabu aje amalize rushwa, ajenge zahanati na kuleta maji, limegeuka ukumbi wa sinema. Kiongozi naye akishangiliwa sana huanza kuamini kwamba anaweza kuruka. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na ubwana, na onyo hilo halijazeeka. Demokrasia ndani ya Chama maana yake ni kwamba treni inaposimamishwa, abiria wote wameshiriki kuisimamisha, na wanajua nani aliyeharibu breki.

Kwa hiyo, ndugu kada, mkutano ujao wa tawi lako uanze na swali hili: ni kazi gani katika mtaa wetu tunayoisubiria shujaa, na tutaigawanaje ili tuifanye wenyewe?